Viti Kumi na Viwili Juu ya Maji

Wanaume wakifika umri fulani hupatwa na kitu. Mmoja atanunua pikipiki, mwingine ataanza kupaka nywele rangi, mwingine atatafuta mke wa pili na kumpoteza hata wa kwanza. Sponji alitaka boti. Mkewe aliposikia alishusha pumzi, maana alikuwa ameshajiandaa kwa mengi, na yote aliyojiandaa nayo yalikuwa mabaya kuliko boti.

Sponji ni fundi makochi. Jina alilopewa na mama yake limebaki kwenye kitambulisho tu. Hili la Sponji alilipata kwa sababu ya dole gumba lake. Popote anapokwenda, hakai mpaka akibonyeze kiti kwanza. Benki anabonyeza. Hospitali anabonyeza, hata akiwa ndiye mgonjwa. Kuna msiba mmoja alibonyeza kochi la wafiwa, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na watu wakasema jamani, huyu alimpenda sana marehemu.

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye uwanja nyuma. Yeye anakaa ameelekea mlangoni, misumari mdomoni, akipiga nyundo na kupiga soga na wateja. Mkewe, ambaye ndiye anashona vitambaa vyote, anakaa na cherehani ameelekea ukutani, kwa sababu soketi ya umeme iko upande ule. Tangu wafungue karakana hakuna aliyefikiria kuhamisha soketi. Kwa hiyo mtu na mke wake wamefanya kazi maisha yao yote wamepeana mgongo.

"Mkasi."

"Huo hapo."

"Uzi mweusi umeisha."

"Nimesikia."

Hayo ndiyo mazungumzo yao. Watoto wamelelewa hivyo, wamesoma hivyo, wamehama hivyo. Walivyopatikana hao watoto ni siri ya wenyewe.

Sasa, karakana ile ina sheria moja, na sheria hiyo haina mheshimiwa. Kabla kochi halijawekwa sponji wala kitambaa, likiwa bado mbao tupu, mteja lazima aje alikalie. Sponji anaita kukalia mifupa. Uje na suti yako, uje na gauni lako la harusi, utakaa juu ya mbao, utajiegemeza, utainuka, utakaa tena, naye anakuangalia kama daktari.

"Mdomo unaweza kunisifia," huwa anasema. "Makalio hayadanganyi."

Mji mzima umekalia mifupa ya Sponji. Aliyebaki ni mmoja tu, yule wa kwenye cherehani.

Ugonjwa wa boti ulianza na mteja. Pembeni ya mji kuna ziwa, na upande mmoja wa ziwa kuna gati ambapo watu wenye nafasi zao wanaegesha boti za kutembelea Jumapili. Mteja huyo alileta viti vya boti yake vishonwe upya, na siku Sponji alipokwenda kuvifunga akaambiwa, fundi, twende basi tukazunguke kidogo.

Usifikirie boti iliyochongoka. Hii ni ile ya bapa. Chukua sakafu ya sebule, ilaze juu ya mapipa mawili marefu ya alumini, zungushia kijiuzio, weka makochi, tandaza turubai juu, kisha nyuma kabisa funga mashine. Haikimbii. Inakwenda kama mtu anayetoka kula. Sponji alikaa kwenye kochi alilolishona mwenyewe, akaiona nchi kavu inarudi nyuma taratibu pamoja na wateja wote wanaomdai makochi yao, na kitu kikamwingia moyoni.

Alirudi nyumbani. Chakula hakukigusa.

"Mama watoto," alisema mwishowe, "umewahi kukaa kwenye kochi linalotembea juu ya maji?"

"Mimi sijawahi kukaa kwenye kochi," mkewe akajibu.

Na ni kweli. Makochi ya nyumbani kwao yana plastiki mpaka leo, ni ya wageni. Mama mwenye nyumba hukaa kwenye kigoda jikoni. Mke wa mshona viatu hatembei peku, lakini wa fundi makochi anakaa kwenye kigoda. Haya mambo usiyatafutie maelezo.

Muuzaji wa boti alikuwa nazo mbili, zimetumika lakini bado zina hali nzuri. Ndogo ilikuwa ya watu watano waliopendana. Kubwa ilikuwa ya watu kumi na wawili, ina meza katikati, ina kabati la barafu, ina kingazi nyuma cha kushukia kuogelea. Sponji alikuwa na uwezo wa kununua yoyote kati ya hizo, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Pesa isipotosha inakuchagulia yenyewe. Ikitosha unabaki wewe na akili zako.

"Mzee wangu, swali ni moja tu," muuzaji akasema. "Utakuwa unapanda na nani?"

"Familia."

"Familia ya watu wangapi?"

Sponji akanyamaza. Muuzaji, mtu anayeweza kumuuzia jeneza mtu mwenye afya njema na kumwongezea vishikio, akauona ukimya huo kuwa ni wa watu kumi na wawili.

Mkewe alikuja kuziona. Hakuangalia mashine wala rangi. Alipita kwenye viti akivuta mishono kwa ukucha, ndogo kwanza, halafu kubwa, halafu akarudi kwenye ndogo na kusimama hapo.

"Hii."

"Kwa nini hiyo?"

"Dereva akigeuza kiti chake, aliyekaa nyuma anamwona uso."

"Sasa hiyo ni sababu ya kununua boti?"

"Fundi," alisema. Mkewe humwita fundi akiwa amechoka naye. "Hebu niambie, kwenye hiyo kubwa mimi nitakuwa nafanya nini? Nitakuwa napitisha chai. Nimepitisha chai nchi kavu mpaka mikono imekuwa na umbo la sinia. Siwezi kupitisha chai huku naogopa kuanguka majini. Ukinunua ndogo, napanda. Ukinunua kubwa, nenda na wageni wako, mimi nitabaki na cherehani yangu."

Sponji alimsikia vizuri kabisa. Lakini kusikia ni kazi ya masikio, na masikio yake yalikuwa yameshazoea kupokea sauti hiyo kwa nyuma na kuijibu bila kugeuka.

Habari ikavuja. Kwenye familia hakuna siri, kuna habari ambazo bado hazijafika kwa Shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa Sponji, na alipiga simu asubuhi na mapema.

"Wewe. Nasikia unanunua boti ya watu watano."

"Dada, bado tunafikiria."

"Mnafikiria nini? Wewe mmoja, mkeo wa pili, binti yako na mume wake, wanne. Kijana wako wa tano. Kwa hiyo mimi niliyekubeba mgongoni nimehesabiwa nje."

"Hakuna aliyehesabu, dada."

"Boti imehesabu."

Akakata simu. Kosa la boti ni hilo. Nyumbani ukiwa na kijisebule kidogo watu wanasema maskini, ndio uwezo wake. Boti ukinunua ndogo, umetangaza majina ya unaowapenda na kuyafunga kwa bolti.

Mkwe naye akaja. Huyu ndiye mume wa binti yao, kijana anayefanya kazi ofisini, kazi ambayo mpaka leo hakuna ndani ya ukoo anayeweza kuieleza. Hajawahi kuendesha hata toroli, lakini kuhusu boti alikuwa ameshasoma kila kitu mtandaoni.

"Baba, usije ukafanya kosa," alisema. "Wote wanaonunua ndogo, mwaka haupiti wanarudi kununua kubwa. Ni jambo linajulikana."

"Wote?"

"Karibu wote. Wengine huwa hawarudi kwa aibu."

Na utamu ulikuwepo, tusidanganyane. Watu ambao walikuwa hawajaonekana tangu harusi ya binti walianza kupiga simu kuulizia afya. Kijana wake, anayeishi mbali na kujibu ujumbe kama mtu anayekatwa kodi, alimwandikia baba yake maneno saba kwa mpigo. Sponji akaanza kutembea kifua mbele. Mkewe aliona yote hayo kwa mgongo, na mgongo wake hauna tofauti na wa samaki, unahisi maji yanavyokwenda.

Hapo Sponji akaamua kufanya anachojua kufanya. Alichora boti zote mbili kwa chaki kwenye uwanja wa karakana, kwa vipimo vyake halisi, akapanga ndani yake fremu tupu za makochi ya wateja. Halafu akaita ukoo uje ukalie mifupa.

Walikuja wote Jumamosi, hata asiyeitwa. Kwenye boti ndogo hakuna aliyekanyaga. Waliipita kama watu wanavyompita mtu anayechangisha. Kwenye kubwa kulijaa kabla Sponji hajamaliza kueleza mbele ni wapi. Shangazi alichukua kiti kilicho karibu na usukani, akaweka mkoba kwenye cha pembeni yake.

"Mkoba nao unapanda?" Mkwe akauliza.

"Mkoba wangu umetangulia kwenye ukoo huu kabla yako."

Binti alitaka upande wa kivuli. Aliambiwa kivuli hicho ni cha ukuta, ziwani hakuna ukuta. Akasema basi ahakikishiwe turubai. Mkwe alikaa nyuma karibu na mashine ya chaki, akisema kuna mtu lazima aelewe mambo ya ufundi. Watu walijiegemeza, wakacheka, wakapiga picha, wakalalamika mbao zinaumiza. Sponji alisimama kwenye usukani, ambao ulikuwa kifuniko cha sufuria, akawatazama nyuma yake wote wamekaa, na machozi yakamlenga. Makalio hayadanganyi, alijiambia. Watu hawa wananipenda.

Chai ilikuwa inapita. Yaani, kulikuwa na mkono uliokuwa unaipitisha.

"Mama watoto," Sponji akasema, "mbona wewe hujakaa?"

"Nimekaa."

Akageuka. Mkewe alikuwa nje ya mstari wa chaki, kwenye ngazi ya mlango, sinia mapajani.

"Umekaa wapi huko?"

"Nchi kavu," akasema.

Watu wakacheka. Mkewe hakucheka, naye Sponji alicheka kidogo kuliko wengine. Lakini Jumatatu alikwenda kununua kubwa.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, acha tuipe haki yake. Walijaa, waliimba, Shangazi alimpungia mkono kila mtu ziwani kama aliyechaguliwa. Mkewe hakwenda. Alikuwa amesema, na mwanamke yule hana kawaida ya kurudia mshono.

Mara ya pili walikuja nusu. Binti alisema jua la kwenye maji linachoma mara mbili. Mkwe aligundua kwamba katikati ya ziwa hakuna mtandao, na mtu huyu bila mtandao hana la kusema, kwa hiyo alitazama maji kwa uso wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Shangazi aliuliza nani anapitisha chai. Ikagundulika kwamba kwenye boti ya watu kumi na wawili, yenye meza na kabati la barafu, hakuna hata mmoja anayejua chupa ya chai inafunguliwaje.

Mara ya tatu Shangazi peke yake alikuja, akakuta hakuna wa kumwona, akarudi nyumbani akisema kichwa kinamuuma.

Kwa hiyo Sponji alikwenda mwenyewe. Mtu mmoja, usukani mmoja, viti kumi na kimoja vitupu nyuma yake vimepangana kama ukumbi wa harusi ambayo bwana harusi ametoroka. Alipokuwa anatoka gatini kuna mama mmoja mwenye ndoo mbili alimwita kutoka kandoni.

"Baba, unaondoka saa ngapi?"

"Nimeshaondoka, mama."

"Na nauli ng'ambo ni kiasi gani?"

"Hii si ya abiria."

Yule mama akavitazama viti vyote vile. "Sasa ni ya nani?" akauliza, na hakuwa na nia mbaya.

Sponji alikwenda na swali hilo mpaka katikati. Alizima mashine. Kamba ya turubai ilikuwa imelegea inapigapiga, naye bila kufikiri, macho mbele, akanyoosha mkono nyuma kama alivyonyoosha maisha yake yote.

"Mkasi," akasema.

Mkono ulibaki hewani.

Akageuka. Fikiria mtu ambaye hajawahi kugeuka kutafuta mkasi, kwa sababu hajawahi kuwa na haja. Karakana ile jibu lilikuwa linakuja kabla hajamaliza neno. Sasa aligeuka na kukuta viti, vizuri, vina sponji ya daraja la kwanza, na hakuna uso. Akakumbuka mkewe alisema nini kuhusu kiti cha dereva na uso, siku ile kwa muuzaji. Neno lilikuwa limemfika masikioni zamani, ila safari ya kutoka masikioni kwenda ndani ilikuwa ndefu kidogo.

Alirudi gatini, akaazima spana, akaanza kufungua bolti.

Mkewe aliviona viti vinaingizwa karakana, kimoja baada ya kingine, mpaka vikajaa nyuma ya cherehani yake.

"Vya nani hivi?"

"Vya mteja."

"Mteja gani?"

"Msumbufu mmoja."

Alivuta mshono kwa ukucha. "Hivi vizima. Vina kasoro gani?"

"Ni vingi," Sponji akasema.

Mkewe akamtazama. Yaani aligeuza kiti cha cherehani na kumtazama, jambo ambalo mashine yenyewe ililishangaa maana sindano ilikatika. Alibadilisha sindano, akaendelea kushona. Lakini siku zile zote aliisikia randa inakwaruza mbao uwanjani baada ya kazi, na kila akiuliza anaambiwa oda ya mtu. Wiki ikaisha.

Jumapili asubuhi Sponji alisimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Kuna oda imefika hatua ya mifupa."

"Si umwite mwenye oda akalie."

"Ndiyo namwita."

Mkewe akamaliza mstari aliokuwa anaushona mpaka mwisho. Akakata uzi kwa meno. "Mimi ni fundi hapa," akasema. "Mafundi hawakalii mifupa."

"Sheria haina mheshimiwa."

Hapo alikuwa amembana, maana sheria ni sheria, na mwenyewe amewaona mahakimu wakiikalia hiyo mifupa. Akajifunga kanga, akafunga mlango wa karakana, wakaenda gatini hatua kwa hatua, yeye nyuma kidogo kwa mazoea, halafu si nyuma sana.

Boti ilikuwa imebaki uwanja mtupu. Meza imeondoka, kabati la barafu limeondoka, palipokuwa na bolti pamezibwa kwa gundi. Kwenye sakafu yote ile ya watu kumi na wawili kulikuwa na fremu mbili za mbao tupu. Moja nyuma ya usukani. Nyingine mbele yake, pembeni kidogo isimzibe dereva njia, nayo ilikuwa imegeuzwa. Atakayeikalia ataiacha njia mgongoni na kumtazama dereva.

"Ungenunua ile ndogo," mkewe akasema.

"Ningenunua."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Sasa una boti kubwa kuliko zote na viti vichache kuliko zote. Watu watasema umechanganyikiwa."

"Wameshasema. Kaa basi."

Alivuka kwa kushika uzio, akaikaribia ile fremu, na kabla hajakaa akaibonyeza kwa dole gumba. Mbao haibonyei. Akabonyeza tu, amtie mwenzake wasiwasi. Kisha akakaa. Akajiegemeza, akainuka, akakaa tena. Sponji akamtazama kwa ule uso wake wa daktari, lakini daktari huyu ndiye aliyekuwa anasubiri majibu.

"Iko chini kidogo," mkewe akasema.

"Nitaipandisha."

"Na mgongo umelala sana."

"Nitausimamisha. Turudi nikausawazishe?"

"Nani amesema turudi? Nimesema iko chini, sijasema nashuka."

Sponji akawasha mashine, akaanza kutoka kinyumenyume. Walikuwa wameachia kamba, maji yameshaingia kati yao na gati kiasi cha mkono, pale Shangazi alipotokea na kofia kubwa, mkoba, na mwavuli wa jua. Jumapili hiyo kichwa kilikuwa hakimuumi, na nyuma yake alikuwa na majirani wawili aliokuja kuwaonyesha boti ya mdogo wake. Alifika ukingoni, akatazama sakafu tupu kutoka mbele mpaka nyuma.

"Wewe. Viti viko wapi?"

Sponji alifungua mdomo. Kama angeachwa aseme, lingetoka neno la kuomba radhi, na neno hilo lingerudisha boti gatini, na Shangazi angekaa kwenye fremu ya pili kwa sababu ndiye mkubwa, na hadithi hii ingebidi ianze upya.

"Viko karakana, wifi," mkewe akajibu kwa sauti ya kistaarabu kabisa. "Vinashonwa."

"Vyote?"

"Vyote."

"Vitakuwa tayari lini?"

Kila aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi analijua jibu la swali hili. Shangazi analijua, majirani zake wanalijua, na yeye mwenyewe limemtia hasira mara nyingi maishani. Lakini hajawahi kupewa na mtu anayesogea mbali naye taratibu juu ya maji, amemgeuzia mgongo, anamtazama mumewe usoni.

"Njoo kesho."

Kesho yake Shangazi alikwenda kweli. Akaambiwa uzi umeisha.